Siku Nilipomwambia Sesilia Abebe Jiwe

Ipo siku moja ambayo nimeikumbuka kila mwaka wa maisha yangu, mwanangu, na wiki hii nimeikumbuka kila saa. Ni siku nilipomwambia mwanamke mmoja wa Issuna abebe jiwe lake la kusagia aende zake, nami nikidhani nimesema neno la hekima. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina suruali mpya ya kitambaa na ulimi mpya kuliko suruali.

Nimekaa kukuandikia mara tatu, na mara tatu nimesimama. Chai imepoa mezani. Upepo wa Singida wa miezi hii unaujua mwenyewe, unagonga mabati kutwa nzima, nami kila bati likigonga nanyanyuka kwenda kuchungulia kama kuna mtu mlangoni. Hakuna mtu. Kuna mimi na wasiwasi wangu tu, na wasiwasi huo umeletwa na wewe na daftari lako.

Jana darasani tulikuwa tunakuandaa kwa safari yako ya keshokutwa, utakapokwenda Iguguno peke yako kwa mara ya kwanza kama mnasihi wa familia. Umeshaelezwa kwamba mama wa nyumba ile, Agnesi, hamsemeshi mumewe tangu wakati wa kupanda, na kila akiulizwa hujibu kwamba mume hafai. Ukasimama ukatusomea jibu ulilomtungia: "Basi mama, mpeleke mnadani pamoja na mbuzi, huenda akapata mteja." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, tena nikagonga meza, nikakwambia hicho ndicho kinaya ninachokifundisha kila siku. Kisha nikarudi nyumbani nikashindwa kula. Sentensi ile naijua, mwanangu. Maneno ni mengine lakini ukoo ni ule ule. Niliwahi kubeba ndugu yake mfukoni kutoka mjini hadi Issuna.

Hebu tulia unisikilize, ingawa mimi mwenyewe sijatulia.

Kazi hii nilifundishwa na Mama Veronika, mkunga mstaafu kutoka Manyoni, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Tulikuwa vijana saba, tukikutana katika ukumbi mmoja hapa Singida Mjini ambao madirisha yake yalikuwa na nyavu bila vioo, vumbi likiingia linavyotaka. Kitabu cha masomo alikuwa nacho. Alikiweka chini ya mguu mfupi wa meza ili meza isiyumbe. Sisi alitufundisha kwa mafumbo, na tulipokosea alitufundisha kwa kinaya.

Siku ya kwanza alileta ungo na uwele uliochanganyika na mchanga, akatuambia tupete kwa zamu. Mwenzetu mmoja alipeta kwa nguvu mpaka uwele na mchanga vikaruka nje kwa pamoja. Mama Veronika akampigia makofi. "Vizuri sana," akasema. "Sasa nyumba ni safi, haina mchanga wala chakula." Hakuongeza neno. Mwenzetu yule alizeeka katika kazi hii, na hata alipokuwa mtu mzima mwenye mvi, akiingia kwenye nyumba yenye ugomvi, kwanza alikuwa anashusha mkono.

Nami siku yangu ilifika. Nilikuwa nimezungumza na mke na mume kwa saa nzima, Mama Veronika amekaa pembeni anasikiliza, na nilipotoka nikamuuliza nimefanyaje. "Nimefurahi, Rajabu," akaniambia. "Leo nimeyajua matatizo yako yote. Ya wale wawili tutayasikia lini?" Nilitembea hadi ufukweni mwa ziwa Singidani nikiwa na hasira, nikarudi nikiwa na aibu, na tangu hapo nikaanza kufunga mdomo watu wakizungumza. Kinaya kikitumiwa vizuri hufanya hivyo. Kinakusifu mpaka unajiona, kisha kinakuachia kazi uifanye mwenyewe.

Nilimpenda Mama Veronika. Lakini nisikufiche, niliupenda zaidi ulimi wake. Wenzangu walipokuwa wanaandika alichosema juu ya kusikiliza, mimi nilikuwa naandika vijembe vyake, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayekusanya visu bila kujua kuchinja. Na alipotuchukua kwenda kwenye nyumba za watu, nilishangaa kwamba vijembe vile hakuvitumia. Aliomba maji akanywa. Alichambua mlenda pamoja na wenyeji. Aliuliza mvua, aliuliza ng'ombe. Nikajisemea kwamba mama amezeeka, amechoka, na kwamba ikifika zamu yangu nitawaonyesha watu kazi.

Zamu yangu ikafika Issuna, kwa Petro na Sesilia.

Petro alikuwa mkulima wa alizeti, mtu wa maneno machache hata kwa ng'ombe wake. Sesilia alikuwa mkewe, mwepesi wa kazi na mwepesi wa kulia. Walikuwa na watoto watatu: msichana wa miaka tisa, mdogo wake wa kiume, na wa mwisho aliyekuwa bado ananyonya. Shida yao ilikuwa begi. Kila baada ya wiki mbili tatu Sesilia alifungasha nguo zake kwenye begi, akalisimamisha mlangoni, akaenda kwa wazazi wake ng'ambo ya Ikungi. Akikaa siku nne anarudi. Petro hakuuliza anakwenda wapi wala hakuuliza amerudi kwa nini. Mashemeji wakachoka na begi lile, wakatuita.

Tulikwenda mara mbili na Mama Veronika, na mara zote mbili yeye alikaa jikoni na Sesilia wakizungumza mambo ya uzazi. Safari ya tatu akapata msiba Manyoni. Akaniambia, "Nenda wewe, usikilize tu. Usiende na dawa." Nikamwitikia vizuri. Lakini dawa nilikuwa nimeshaichemsha usiku ule ule, na kwenye gari nilikuwa nairudia moyoni nisije nikaikosea.

Nilifika, nikakaribishwa kigoda, na sikuomba hata maji. Begi lilikuwa mlangoni. Petro alikuwa ameketi anaangalia vidole vya miguu yake. Nikamgeukia Sesilia nikasema kwa sauti ya kutosha nyumba nzima: "Mama, tatizo lako ni kwamba unaondoka vibaya. Begi la nguo ni la mtu anayekwenda harusini. Ukiondoka, ondoka kikamilifu. Beba sufuria, beba mwiko, beba na lile jiwe lako la kusagia, tujue moja."

Nilitegemea acheke. Nilitegemea ajione, aone kwamba hataki kuondoka bali anataka kuulizwa, kisha Petro naye ashtuke afungue mdomo. Ukiitazama kwenye daftari, ilikuwa sentensi nzuri. Sesilia hakucheka. Alisema, "Sawa, mwalimu," akaingia ndani. Petro aliendelea na vidole vyake. Msichana wao alikuwa amesimama mlangoni na mdogo wake mgongoni, amesikia kila neno. Nikaaga, nikapanda gari, na njiani nikaandika kwenye daftari neno moja tu: Imeingia.

Kweli iliingia. Siku ya tatu shemeji yake Petro alifika pale ukumbini na baiskeli, jasho linamtiririka, akasema Sesilia ameondoka na jiwe.

Wewe umekulia mjini, mwanangu, kwenu unga unatoka dukani, kwa hiyo nikueleze. Mwanamke anayeondoka na nguo amenuna, na aliyenuna atarudi. Anayeondoka na vyombo ameondoka. Na jiwe la kusagia si kitu cha kubeba kichwani. Lile la Sesilia lilihitaji wanaume wawili kulinyanyua, na lilipandishwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama. Alichukua yule anayenyonya, akawaacha wakubwa wawili kwa baba yao. Shemeji alipomkimbilia njiani kumsihi, alimjibu kwamba mtaalamu kutoka mjini amemwagiza aondoke kikamilifu.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu darasa la pili, niliwahi hata kupata alama kwayo kwenye mtihani. Siku ile ndipo niliposikia maumivu yake.

Mama Veronika alikuwa amerudi kutoka msibani. Alimsikiliza shemeji mpaka mwisho, akanigeukia. "Hongera, Rajabu," akasema. "Wapo wanaohangaika miaka kumi kuvunja nyumba. Wewe umetumia sentensi moja." Nikainamisha kichwa, nikingoja aongeze kijembe kingine, kwa sababu kijembe nilikuwa nimezoea kukipokea. Hakuongeza. Alikaa chini akasema polepole, bila fumbo lolote, "Nimekukasirikia. Nimekukasirikia sana, na mimi mwenyewe nimejikasirikia." Hilo lilinichoma kuliko vijembe vyote.

Tukaenda Issuna siku hiyo hiyo. Msichana alikuwa nje anaosha vyombo. Akamwona Mama Veronika, akafuta mikono, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, bibi." Kisha akanitazama mimi. Alinitazama kwa utulivu kabisa, mtoto wa miaka tisa, akageuka akarudi kwenye vyombo vyake. Unajua kwetu mtoto kumnyima mtu mzima shikamoo ni nini. Petro alitaka kumkaripia, Mama Veronika akamzuia kwa mkono. "Mwache," akasema. "Huyo ndiye anayesahihisha mtihani wa mwalimu."

Msichana huyo jina lake Agnesi. Ndiye Agnesi wako wa Iguguno.

Sasa unaelewa kwa nini chai yangu imepoa. Ngoja nisimame kidogo, bati lile limegonga tena.

Nimerudi. Njiani kwenda kwa wazazi wake Sesilia, tukitembea kwa miguu kipande cha mwisho, Mama Veronika aliniuliza swali moja. "Rajabu, umeshaniona nikimtania mtu wa nyumba yoyote kabla yeye hajanitania mimi?" Nikatafuta kichwani nyumba zote tulizokwenda. Sikupata hata moja. Akaniambia kwamba kinaya ni utani, na utani una wenyewe. Babu na mjukuu wanataniana. Shemeji na shemeji wanataniana. Kabila na kabila waliokubaliana tangu zamani wanataniana, na mtani anaweza kuingia msibani akamcheka marehemu na wafiwa wakamshukuru. Asiye mtani akisema nusu ya maneno hayo, atatolewa nje. "Mimi ninyi nawatania kwa sababu mlishanitania," akasema. "Mnaniita Mama Mguu wa Meza, mnadhani sijui? Siku mliponipa jina ndiyo siku nilipoanza kuwafundisha. Sesilia amekupa jina gani?" Sesilia aliniita mwalimu. Hilo halikuwa jina la utani, lilikuwa heshima. Alilipokea neno langu kwa heshima hiyo hiyo, akalitekeleza.

Hapo nataka usikilize vizuri, kwa sababu wapo watakaokwambia methali, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Watakwambia Sesilia hakuwa mwerevu. Uongo mtupu. Sesilia alikuwa mwerevu kuliko mimi. Mtu mwenye maumivu humsikiliza mgeni kwa neno lake lilivyo, kwa sababu hana nguvu ya kuchezea maneno.

Kwa wazazi wake tulikaa siku tano. Ulikuwa msimu wa kupiga alizeti, vichwa vimelundikwa kwenye turubai, kila mtu na fimbo yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini Mama Veronika alidai fimbo siku ya kwanza. Mama yake Sesilia alikuwa bibi kizee asiyependa kusema Kiswahili ingawa alikielewa, na Mama Veronika hakujua Kinyaturu. Kwa hiyo akanipa adhabu yangu: niwe mkalimani. Nichukue maneno ya huyu nimpe huyu, nisiongeze hata chumvi. Siku tatu nilibeba maneno ya watu wengine mdomoni. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na sijawahi kujifunza kwa haraka kama nilivyojifunza pale. Jiwe lilikuwa limewekwa kando ya mlango. Hakuna aliyelitaja, na kila aliyepita alilikwepa.

Siku ya tatu jua likiwa kali, bibi kizee akapumzisha fimbo yake, akamtazama Mama Veronika, akasema kwa Kinyaturu, nami nikatafsiri kwa woga: "Anasema unavyopiga alizeti, mtu atadhani unaogopa kuiamsha."

Turubai zima likacheka. Mama Veronika akasimama, mkono kiunoni. "Mwambie nimekuwa mkunga miaka thelathini. Kila kinachozaliwa nakipiga taratibu, kilie tu." Nilipotafsiri, bibi kizee alicheka mpaka akakaa chini. Na Sesilia naye akacheka. Nilimwona akicheka, mwanangu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na machozi yakanilenga nikajifanya vumbi limeniingia.

Kicheko kilipopungua, Sesilia mwenyewe, bila kuulizwa, akaelekeza fimbo kule mlangoni. "Ona na mimi," akasema. "Nimebeba jiwe zima lile kwa mkokoteni, na lile dogo la mkononi nimelisahau kwa Petro. Siku zote hizi naangalia jiwe lisilo na mwenzake."

Nilikuwa na sentensi. Nakuapia, hata baada ya yote yale, nilikuwa na sentensi nzuri kabisa kwenye ncha ya ulimi. Mama Veronika akanikanyaga mguu. Kisha akauliza, bila haraka, "Na lile dogo, unadhani linafanya nini saa hizi?"

"Limelala tu, kama mwenyewe," Sesilia akajibu. "Halisogei mpaka nilisukume. Kila kitu cha nyumba ile mpaka nisukume mimi. Nikiondoka nataka tu aniulize unakwenda wapi. Haulizi. Narudi, haulizi. Nimechoka kusukuma, mama."

Ndiyo hiyo, mwanangu. Miezi yote ile tulikuwa tunaitafuta shida ya nyumba, na mwenyewe aliifungia kwenye jiwe akatupa. Fumbo la Mama Veronika halikuwapo pale. Fumbo lilikuwa la Sesilia, na kazi yetu ilikuwa kuingia ndani yake na kukaa.

Hapo sasa ndipo Mama Veronika alipotoa kinaya chake, kwa sauti ya chini, huku akiendelea kupiga alizeti. "Basi liache huko huko. Jiwe lililokaa na Petro siku zote hizo, litakuwa limeshajifunza uvivu."

Sesilia akageuka haraka. "Petro si mvivu!" akasema, karibu kwa hasira. "Petro hajawahi kulala shamba halijalimwa. Ni mdomo wake tu." Kisha akasikia alichokisema, akajifunika uso kwa khanga. Kinaya changu kilimsukuma nje ya nyumba yake. Kinaya cha Mama Veronika kilimfanya aitetee. Tofauti ilikuwa siku tatu za fimbo na kicheko cha bibi kizee.

Kesho yake Mama Veronika akanituma kwa Petro, nipeleke swali moja tu bila kuongeza la pili: jiwe dogo liko wapi? Nilimkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti mbele ya mwamba bapa, anasaga uwele kwa jiwe lile dogo, vibaya sana, unga nusu na mchanga nusu. Mashine ya kusaga ilikuwa pale pale kijijini, unaisikia ikinguruma. Nikamuuliza lile swali langu moja. Alinionyesha jiwe mkononi, akasema watoto wamekataa uji wa unga wa mashine, wanasema si wa mama yao. Siku iliyofuata alilifunga jiwe kwenye gunia, akalipakia kwenye baiskeli, akaenda mwenyewe kwa wakwe. Nilikuwapo alipofika. Aliwaamkia wazee, akaliweka mbele ya Sesilia, akatafuta maneno mpaka sisi wote tukaona aibu kumtazama. "Nimelileta," akasema. "Siwezi kulisukuma vizuri. Unionyeshe."

Sesilia alirudi Issuna baada ya mavuno, na mkokoteni ule ule, mchana ule ule kweupe. Begi halikusimama tena mlangoni, ingawa Petro hakugeuka kuwa msemaji, na wala hakuna aliyemtaka awe hivyo. Aliuliza tu. Unakwenda wapi, umerudi salama, umekula. Ilitosha.

Lakini watoto wale wawili walilala siku nyingi bila mama kwa ajili ya ulimi wangu, na Agnesi hakunisamehe. Nilikwenda nyumba ile miaka na miaka. Akiniona anazunguka nyuma ya nyumba. Wazazi wake walimgombeza, wakamtisha, hakusema shikamoo. Nikamlilia Mama Veronika, akaniambia nisimlazimishe, kwamba kila mwalimu anahitaji mtu mmoja asiyemwamkia, ili asijisahau.

Mama Veronika ametangulia mbele ya haki. Mimi nikashika chaki yake. Na Jumanne iliyopita, nikiwa ofisini nakunja karatasi, akaingia mwanamke mtu mzima amejifunga kitenge cha safari, vumbi la barabara ya Iguguno mpaka kwenye nyusi. Nilimtambua kwa macho. Akasimama mlangoni vile vile alivyosimama siku ile, akanitazama kwa utulivu ule ule, akasema:

"Shikamoo, Mwalimu wa Mawe."

Zaidi ya miaka thelathini nimeingoja shikamoo hiyo, na ilipokuja ilikuja na jina. Mimi mwenye ulimi, mimi ninayefundisha kinaya vijana wa mkoa huu, nikajibu neno moja tu: marahaba. Nikamvutia kiti.

Akakaa. Akaniambia bila kuzunguka, "Mimi nimemnunia mume wangu tangu kupanda. Mama yangu aliondoka na jiwe kwenye mkokoteni. Mimi sijaondoka, lakini jiwe ninalo, na sijui nilitue wapi. Nitumie mtu. Usije wewe, wewe utaniomba msamaha, mimi nitakuonea huruma, na kazi haitafanyika. Tuma kijana. Ila mfundishe kwanza kunyamaza."

Nikamwahidi. Mkono kifuani, nikamwahidi. Kisha jana ukasimama na sentensi yako ya mnadani, na mimi, mzee mzima, nikacheka na kugonga meza. Miezi hii yote nimekufundisha ulimi kabla ya sikio, kwa sababu ulimi unachekesha darasa na sikio halichekeshi mtu. Kosa hilo ni langu, mwanangu, si lako. Nakuomba unisamehe, na nakuomba uniokoe.

Kwa hiyo ukifika Iguguno, anza na shikamoo, umpe mke na mume, na uombe maji uyanywe hata kama huna kiu. Wakiwa na kazi mikononi, omba kushika upande mmoja. Sentensi uliyoitunga mjini iache mjini. Agnesi akikwambia mume ni gogo, kaa kwenye gogo hilo hilo, uliza linaota uyoga au linakaliwa na nani, usimletee mti wako kutoka darasani. Kinaya nimekufundisha na sikinyang'anyi, siku moja kitaponya nyumba mkononi mwako. Ila kisubiri kiitwe na wenyeji. Na ukiona kinakuwasha sana ulimini, unatamani kukisema ili uonekane hodari, hapo jua kwamba ni chako, si cha nyumba ile, ukimeze. Usipoitwa mwaka mzima, nyamaza mwaka mzima. Na Agnesi akikupa jina, cheka, mwanangu, cheka kwa moyo wote, kwa sababu atakuwa amekufungulia mlango ambao mimi nilikaa nje yake ujana wangu wote na uzee wangu nusu.

Mungu akutangulie barabara ya Iguguno, akupe masikio mapana na mguu wa mtu wa kukukanyaga pale utakapokosa subira. Akujalie uingie nyumba za watu ukiwa mgeni na utoke ukiwa mtani, na kusiwe na mtoto popote atakayekunyima salamu kwa ajili ya neno lako. Sasa chukua kalamu uifute sentensi ile, kisha uje hapa nyumbani unionyeshe ukurasa, ili niweze kukaa chini.